Fakhari ya Mji: Utani Ujengao na Utani Ubomoao



Hapana mtu asiyependa kwao. Mtoto mchanga humjua mama yake kwa harufu, na mtu mzima huujua mji wake vivyo hivyo: kwa harufu ya pwani wakati wa maji kupwa, kwa sauti ya muadhini aliyemzoea, na kwa uchochoro aliokuwa akipita alfajiri akienda chuoni na juzuu yake kifuani. Mtu huyo hata akakaa ugenini miaka thelathini, akapata huko mali na watoto, siku akisikia jina la mji wake latajwa sokoni husimamisha shughuli zake akauliza: "Wewe wa wapi, ndugu yangu? Wa mtaa gani? Wamjua fulani?" Na yule asiyemjua fulani hubuni namna ya kumjua, ili mazungumzo yasikatike.

Penzi hili Mwenyezi Mungu ndiye aliyelitia katika nyoyo za waja wake, wala si aibu kuwa nalo. Mtume wetu (S.A.W.) alipotolewa Makka aliugeukia mji ule akaeleza jinsi aupendavyo, na kwamba lau watu wake wasingalimtoa, asingalitoka. Alipofika Madina, akawaona Masahaba zake waumwa homa na kuitamani Makka, hakuwakemea kwa kutamani kwao. Alimwomba Mola wake awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Hapa pana mafunzo mawili: kwamba kupenda kwenu ni tabia njema, na kwamba moyo wa Muislamu una nafasi ya miji miwili.

Wengi wetu hutaja maneno yasemayo kwamba kupenda nchi ni katika imani, wakadhani kuwa ni Hadithi. Wanavyuoni wa Hadithi wamekwisha kubainisha kuwa maneno hayo hayakuthubutu kwa Mtume (S.A.W.). Basi na tuupende mji wetu, lakini tusiupe cheo cha dini.

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya penzi hili na mipaka yake, kwa sababu ya jambo lililotukia mbele ya macho yetu, na ambalo sisi wenyewe tulikuwa na sehemu katika kosa lake.

BARAZA YA BAADA YA TARAWEHE

Ramadhani moja iliyopita tulijaaliwa kuwa Mombasa, na kila usiku baada ya tarawehe tulikuwa tukikaa katika baraza moja ya Mji wa Kale. Muuza kahawa alikuwa akipita na dele lake, akigonganisha vikombe vyake, na hapo palikuwa na kashata, na tende, na kahawa tungu ya tangawizi. Watu wa baraza ile walikuwa wa kila mji wa pwani hii: wenyeji wa Mvita wenyewe, mzee mmoja wa Amu, wawili wa Unguja, mmoja wa Pemba, fundi wa Tanga, na kijana mpole wa Kilwa aliyekuja Mombasa kutafuta riziki.

Mazungumzo yao yalikuwa yamoja kila usiku, nayo ni kusifu miji. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mtu wa Mvita alianza na Ngome yake, iitwayo Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na mzingo ulioanza mwaka 1696 hata ngome ikawatoka Wareno mwishoni mwa mwaka 1698. Kisha aliingia bandari ya Kilindini, na Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa mwaka 1570, akamalizia kwa mahamri na mbaazi, akaapa kwamba asiyekula mahamri ya Mombasa hajafungua kinywa.

Mzee wa Amu alimngoja atulie. Kisha alisema kwa upole kwamba kwao hakuna haja ya kelele hizo, kwani gari hazipiti katika vichochoro vyao, na punda hana honi. Alitaja milango ya nakshi, na Maulidi ya Riyadha ambayo watu huyaendea kutoka pande zote, na tenzi za zamani zilizotungwa kwa lahaja za kaskazini wakati miji mingine, kwa kauli yake, "bado yajifunza kuhesabu mizani."

Watu wa Unguja hawakukubali. Walitaja Mji Mkongwe, na Beit al-Ajaib ya Seyyid Barghash iliyojengwa mwaka 1883, na maji ya mfereji aliyowaletea watu wake mjini. Mmoja wao alisema kwamba hata lugha ambayo baraza yote yazungumza ni yao, kwani mkutano wa mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni. "Na mkutano wenyewe ulifanyika hapa kwenu Mombasa," akamwambia mwenyeji. "Nyumba yenu, viti vyenu, na chaguo likawa letu!" Mtu wa Mvita akasema kwamba maneno hayo yamemfanya ateke sana. Yule wa Unguja akamwuliza: "Ikiwa wateka sana, ndoo yako iko wapi?" Kwani kwa Kimvita kuteka ni kucheka, na kwa Kiunguja ni kama kuteka maji. Baraza nzima ikacheka, na wa Mvita akacheka kuliko wote.

Mtu wa Unguja alipofika kwenye karafuu, ndugu yetu wa Pemba alikohoa. "Karafuu za Pemba, sifa za Unguja," alisema, naye hakusema jingine usiku ule wote. Fundi wa Tanga aliwakumbusha kuwa Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, na kwa hivyo kila ashikaye kalamu ya Kiswahili leo amepita mlangoni kwao, akitaka asitake.

Wasomaji wetu, utani wa namna hii una kheri nyingi. Kijana aliyekaa pembeni ya baraza ile kwa usiku mmoja aliondoka na tarikhi ambayo pengine asingaliipata kitabuni kwa mwezi mzima. Wazee walipata kucheka, wageni walipata kutaja makwao, na hakuna aliyekwenda zake na kinyongo. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akitania, ila katika utani wake hasemi isipokuwa kweli. Na wahenga wetu waliujua utani, wakauwekea watu wake na mipaka yake.

NENO LILILOTOKA

Usiku wa tisa au wa kumi, kijana mmoja wa mjini, mwenye ulimi mwepesi, alimgeukia yule wa Kilwa aliyekuwa kila siku akisikiliza bila kusema neno. Akamwambia: "Na wewe, bwana mdogo, kwenu mna nini? Magofu na popo! Mji wenu umekufa zamani, na maiti hatiwi katika mashindano."

Watu walicheka. Na sisi, astaghfirullah, tulikuwa miongoni mwa waliocheka.

Kijana wa Kilwa hakujibu. Alikiweka chini kikombe chake kilichokuwa bado na kahawa, akasema, "Assalamu alaykum," akaondoka. Usiku wa pili hakuja. Wa tatu hakuja. Usiku wa nne mzee wa Amu aliuliza khabari zake, na alipopata jibu alitutazama sote mmoja mmoja, kisha alimwambia yule mwenye ulimi mwepesi:

"Mwanangu, wamjua baba wa kijana yule? Alikaa kisiwani kule maisha yake yote. Majani na miti ilipoota katika kuta za msikiti wa kale, yeye alikuwa akiifyeka kwa mikono yake, wengine wakimlipa na wengine wasimlipe. Amekufa Shaabani hii iliyopita. Wewe umemwambia mwanawe kwamba mji wake ni maiti. Hukujua, lakini ulimi ukitangulia mbele ya ujuzi, huanguka."

Kijana alinyamaza, na sisi tulinyamaza pamoja naye. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Twaijua methali hii tangu utotoni, lakini siku ile tuliiona kwa macho.

KILWA NI NANI?

Tuliporudi nyumbani tulijiuliza: huyu aliyeitwa maiti ni nani? Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita katika pwani hii. Mombasa aliikuta na watu wacha Mungu, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, aliyoisifu. Kisha alikwenda Kilwa, na alipoiandika aliihesabu katika miji mizuri kuliko yote aliyoiona. Sultani wake wakati ule alikuwa Al-Hasan bin Suleiman, ambaye watu walimpa jina la Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Huyu ndiye mwenye jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia, na birika la kuogea lenye pembe nane likitazama bahari. Msikiti Mkuu wa Kilwa, wenye nguzo na makuba ya mawe, ulikuwa hauna wa kuulingana nao katika misikiti ya mawe ya pwani hii. Dhahabu iliyotoka Sofala ilipita mikononi mwa wafanya biashara wake. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe: moja yenye jina la sultani huyo ilipatikana Zimbabwe Kuu, bara kabisa, na nyingine chache ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia.

Basi kama palikuwa na mji wenye haki ya kujifakhiri katika pwani yote, ni huo. Na mwaka 1505 meli za Wareno zilifika Kilwa zikauteka mji, kisha zikaja Mombasa zikauteketeza. Moto ule haukuuliza nani mwenye mahamri mazuri, wala nani mwenye msikiti mkubwa.

Wala Kilwa haikufa. Watu wanaishi Kilwa Kisiwani hata leo. Wanavua, wanalima, wanaswali na kuzika wafu wao katika ardhi ya babu zao. Aliyekufa ni yule adhaniye kwamba mji ni kuta tu.

FAKHARI ILIPOGEUKA KUWA SILAHA

Tarikhi yetu imejaa mafunzo ya fakhari iliyovuka mpaka. Vasco da Gama alipofika pwani hii mwaka 1498, Mombasa haikumpokea kwa wema, lakini Malindi ilimfungulia mlango na kumpa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Kwa nini? Moja katika sababu kubwa ni kuwa Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na kila mmoja alitaka rafiki wa kumsaidia juu ya mwenziwe. Mombasa ilichomwa mwaka 1505, na tena mwaka 1528 Wareno waliitia mkononi na kuiteketeza. Ngome ilipojengwa, mtawala wa Malindi aliletwa akawekwa Mombasa. Mtu angesema Malindi imeshinda. Lakini haukupita muda mrefu: mwaka 1614 sultani wa ukoo ule ule, Al-Hasan bin Ahmad, aliuawa kwa hila za Wareno hao hao, na mwanawe Yusuf akawaasi mwaka 1631. Aliyefungua mlango ili jirani yake aumizwe, aliumizwa kwa mlango huo huo.

Na tazameni Mombasa na Amu. Zamani za Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita, na Zahidi Mngumi wa Amu, washairi wa miji hii walikuwa wakijibizana kwa beti; huyu akifumba, yule akifumbua. Ilikuwa ni sanaa ya hali ya juu, na mpaka leo twajivunia urithi huo. Lakini nyuma ya beti palikuwa na ugomvi wa utawala, na maneno ya kuchomana yaliutia kuni ugomvi ule. Mnamo mwaka 1812 au 1813 watu wa Mombasa pamoja na watu wa Pate walishuka Shela kuipiga Amu. Walishindwa, na walipokimbilia mashua zao walikuta maji yamekupwa, mashua zimekaa mchangani. Waliuawa wengi, na wote, waliouawa na waliowaua, walikuwa wakielekea kibla kimoja.

Nani alipata faida? Amu, kwa kuhofu kisasi, ilimwomba Seyyid Said wa Oman awalinde, naye akaweka liwali wake na askari wake. Ngome ya Amu ikamalizika mwaka 1821. Mwaka 1837 Mombasa nayo iliingia mkononi mwake. Miji miwili iliyoshindana nani mkubwa ikapata mkubwa mmoja kutoka nje. Hatusemi haya kwa kumlaumu yeyote katika waliopita. Wao wamekwenda na walichokichuma. Twasema ili kijana anayesema "ni maneno ya baraza tu" ajue kwamba Shela nayo ilikuwa na maneno kabla ya mikuki.

UKITAZAMA SANA, CHAKO NI CHA MWENZIO

Liko jambo jingine ambalo lingetosha peke yake kutupunguzia kiburi. Kila mji ukitaja fakhari zake kubwa, mara nyingi utakuta zimeletwa na mgeni.

Watu wa Unguja hujifakhiri kwa Sheikh Abdallah Bakathir, na wana haki, kwani chuo chake kilisomesha wanavyuoni wengi. Lakini Sheikh Abdallah alizaliwa Amu. Rafiki yake mkubwa, Sayyid Ahmad bin Sumayt, Kadhi mashuhuri wa Unguja, alizaliwa Ngazija mwaka 1861. Na wote wawili walikufa mwaka mmoja, 1925. Watu wa Amu nao hujifakhiri kwa Riyadha, na wana haki. Lakini Habib Saleh aliyeiasisi alitoka Ngazija. Mombasa yajifakhiri kwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwenye gazeti la Al-Islah la mwaka 1932, naye ni mwana wa Mombasa kweli. Lakini mwaka 1968 cheo hicho cha Kadhi Mkuu kilishikwa na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, na Mombasa ikampokea kama mwanawe. Tafsiri yake ya Qur'ani iliyochapwa mwaka 1969 haikuuliza msomaji wake ni wa mji gani.

Na mama zetu wasisahauliwe. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utenzi wa nasaha mwaka 1858, alizaliwa Pate, aliolewa na mtawala wa Siyu, na alikufa Amu. Ni nani atakayemdai peke yake? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na sisi wenyeji tumepona mara nyingi kwa wageni kama hawa.

FAKHARI NI AMANA

Turudi kwenye neno la yule kijana. Alisema kweli katika jambo moja: Kilwa ina magofu. Lakini gofu la jirani lilikuwa limpe hofu, si kicheko. Miji haikosi ajali yake, na mara nyingi ajali hiyo ni uvivu wa watu wake wenyewe. Sote twakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, siku ambayo sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka na kuua mafundi waliokuwa wakiitengeneza. Jumba lile lilisifiwa na vizazi kwa vizazi. Sifa hazikuweza kushikilia kuta zake.

Katika Qur'ani Tukufu tumesimuliwa khabari za Sabaa, watu waliopewa mji mzuri, na bustani kuume na kushoto, wakaambiwa wale katika riziki ya Mola wao na wamshukuru. Walipopuuza, mafuriko yaliwaondolea bustani zile, na wao wakafanywa kuwa khabari za kusimuliwa. Mji mzuri ni neema, na neema haina mwenye kuimiliki. Ina mwenye kuishukuru na mwenye kuikufuru. Anayetupa taka baharini kisha akakaa barazani kusifu bahari ya kwao, amekufuru kwa mkono alichokisifu kwa ulimi. Anayeng'oa mlango wa nakshi wa babu yake akauuza, kisha akasimulia uzuri wa milango ya kwao, naye ni hivyo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Yule mzee wa Kilwa aliyekuwa akifyeka majani msikitini hakuwa msemaji wa barazani. Lakini katika kuupenda mji wake alitushinda sote tuliokuwa tukisema.

KIKOMBE KILICHOBAKI

Baada ya maneno ya mzee wa Amu, yule kijana wa mjini hakungoja asubuhi. Aliinuka akaenda mpaka chumba alichopanga mwenziwe, na sisi wawili watatu tukamfuata, kwani aliyecheka naye ana deni. Alibisha hodi, akaitikiwa. Alisema mlangoni, kabla hajakaribishwa kuketi: "Ndugu yangu, nimekukosea, nawe unaomboleza. Nisamehe kwa ajili ya mwezi huu." Kijana wa Kilwa alimtazama muda, kisha alisema: "Nimekusamehe tangu juzi. Nilikuwa naona haya kurudi, kwa kuwa sikuwa na jibu." Wakapeana mikono, nasi tukamwomba radhi kila mtu kwa nafsi yake.

Usiku uliofuata alikuja. Muuza kahawa alimmiminia kikombe cha kwanza, akakataa kupokea pesa, akisema kwamba kile cha siku ile hakikumalizwa na kwa hivyo hesabu bado iko wazi. Mzee wa Amu akamwambia, "Haya, mwanangu, leo ni zamu ya Kilwa." Akazungumza, kwanza kwa haya, kisha kwa furaha: juu ya msikiti, na birika la pembe nane, na kisiwa cha Songo Mnara, na jinsi baba yake alivyokuwa akimwonyesha katika ukuta mahali ambapo fundi wa kale aliacha alama ya kidole chake katika chokaa.

Mwisho alitabasamu, akasema: "Mabwana, nimesikia hapa mkitaja ile orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Amu wameingia mwaka 2001. Unguja wameingia mwaka 2000, wamewatangulia ndugu zetu wa Amu kwa mwaka mmoja, na kwa mwaka huo hatukulala. Ngome ya Mombasa imeingia mwaka 2011. Sisi maiti wa Kilwa tuliingia mwaka 1981. Tumewawekeeni nafasi. Karibuni!"

Baraza ililipuka kwa kicheko, na aliyecheka mpaka machozi yakamtoka ni yule yule kijana wa mjini. Huu ndio utani, ndugu wasomaji. Umechoma kidogo, umefunza mengi, na haukumwacha mtu nje ya duara.

NASAHA KWA VIJANA NA WAZEE WAO

Kwa hayo tuliyoyaona twapenda kutoa nasaha chache, na nafsi zetu ndizo za kwanza kunasihiwa.

Kwanza, usisifu usichokijua. Kijana atakaye kuutetea mji wake na awaulize wazee kabla hawajaondoka: nani alijenga msikiti wa mtaa wao, kisima kilikuwa wapi, kwa nini mtaa uliitwa jina lake.

Pili, tania mji, usitanie mtu. Cheka chakula, cheka lahaja kwa kiasi, cheka punda na gari. Lakini usiguse nasaba ya mtu, wala rangi yake, wala ufukara wake, wala msiba wake. Mwenyezi Mungu amekataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa ni bora. Na ametuambia kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane.

Tatu, mtanie anayeweza kukujibu. Mgeni aliye peke yake barazani, mwenye haya, aliyekuja kutafuta riziki, huyo haki yake ni kukirimiwa kwanza.

Nne, ukikosea, nenda kwa miguu yako upesi. Samahani inayochelewa huwa nzito mdomoni kila siku ipitayo.

Tano, ukimaliza kuusifu mji wako, ufanyie jambo. Fagia mbele ya nyumba yako. Lipaka chokaa kaburi la babu yako. Andika masimulizi ya bibi yako. Mtoto akimwona baba yake aokota taka uchochoroni, ameona mapenzi ya mji bila kuhubiriwa.

Nanyi wazazi, watoto wenu wakirudi nyumbani na maneno ya kuwabeza watu wa mji mwingine, msicheke. Mtoto huyapima maneno yake kwa kicheko cha mzazi wake. Sisi watu wazima tulicheka usiku mmoja, na kicheko chetu kiliuma kuliko neno lenyewe.

Mwenyezi Mungu aihifadhi miji yetu yote, mikubwa na midogo, iliyosimama na iliyobaki kuta, aijaalie kuwa miji ya amani na riziki, kama Nabii Ibrahim (A.S.) alivyouombea mji wa Makka, na amrehemu yule mzee wa Kilwa na wote waliofyeka majani bila kutajwa. Amin.